Kivuli cha Zefania Kwenye Kioo cha Serikali

Nchi yetu ni nzuri na haina matatizo. Nalisema hili mapema ili wale ndugu zangu ambao kazi yao ni kusoma mstari wa kwanza wa kila maandishi wagonge muhuri wao wakapumzike. Jina la nchi sitalitaja. Siogopi, ila jina lenyewe liko kwenye kamati, na kamati imesafiri nje kujifunza namna nchi za watu zinavyoitwa.

Mimi nilikuwa Afisa Habari wa Wilaya ya Mlima Mmoja, ile ambayo mlima wake ulihamishiwa wilaya anakotoka Rais. Kazi yangu ilikuwa kuwaarifu wananchi kwamba wanaendelea vizuri. Wengi wao wasingejua kama nisingewaambia.

Sasa sikilizeni habari ya kompyuta yetu.

Kompyuta ililetwa kwa lori, ndani ya sanduku kubwa kama banda la kuku, na Waziri wa Kumbukumbu akaja mwenyewe kuizindua. Tulipaka rangi ofisi upande ule ambao Waziri angeangalia. Wataalamu wakasema lazima kioo kionyeshe taarifa za mtu fulani, ili wageni waone maajabu. Mtu gani sasa? Tukimwonyesha aliye hai, wengine watauliza kwa nini yeye. Ikaamuliwa achukuliwe marehemu, na katika marehemu wote wa wilaya akachaguliwa Mzee Zefania Mkotya, mrina asali, kwa kuwa ndiye pekee aliyeondoka duniani bila ugomvi na mtu yeyote.

Waziri akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka, maandishi yakatokea: JINA, ZEFANIA MKOTYA. KAZI, MRINA ASALI. HALI, AMEFARIKI. Watu wakapiga makofi dakika sita. Mjane wa Zefania akalia, akaambiwa alie kwa furaha, akajitahidi. Waziri akahutubia, akala, akaondoka.

Jioni ile karani wetu, Bwana Deusdedit, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alinyoosha mkono azime mtambo aende nyumbani. Mkono ukadakwa hewani na Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Protas.

"Deusdedit! Nani kaiwasha hii?"

"Mheshimiwa Waziri."

"Wewe ni Waziri?"

"Hapana, mzee."

"Basi mkono rudisha."

Maana nchi yetu ina heshima. Kitu alichokizindua mkubwa hakizimwi na mdogo. Bomba alilolifungua Makamu wa Rais pale sokoni linamwaga maji mpaka leo, limeshafanya ziwa, na ziwa limeshapewa Afisa Uvuvi. Mlango wa zahanati uliofunguliwa na Mkuu wa Mkoa haujawahi kufungwa, na wagonjwa wamezoea mbuzi. Kwa hiyo kompyuta ikaachwa ikiwaka na Zefania wake. Ilinunuliwa hata jenereta, umeme ukikatika Zefania asikatike.

Ikawaka hivyo miaka tisa.

Kwa miaka tisa Deusdedit aliendelea kuandika kwa mkono kwenye madaftari yake, kompyuta ikiwa pembeni imefunikwa kitambaa cha kufumwa. Kila asubuhi alikifunua, akapangusa vumbi, akasema, "Shikamoo, Mzee Zefania," akakifunika. Nakiri nilimwona mara nyingi nikacheka. Sikujua kwamba Zefania alikuwa anajichimbia makao mle ndani.

*

Mwaka wa kumi ukaja waraka kutoka makao makuu: kuanzia Jumatatu, vyeti vyote vitolewe kwa kompyuta, na madaftari yachomwe. Waraka wa pili ukafafanua kwamba kufungua ukurasa mwingine si kuzima, hivyo hakuna atakayekuwa amemdharau Waziri. Tukachoma madaftari kwa gwaride.

Wa kwanza kufika Dirisha Namba Tatu alikuwa Bi. Stumai.

Huyu Stumai alikuwa mshona sare za shule, miaka hamsini na moja, mnene wa wastani, mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Alikuwa hajaolewa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hakuona cha kukimbilia. Kisha akatokea Fundi Kibwana, mtengeneza redio na televisheni, aliyekuja kwake mara nne kutengeneza redio iliyoharibika mara moja tu. Mara ya nne Stumai akamwambia, "Fundi, redio imepona. Sema shida yako." Fundi akasema shida yake. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mchele ukaanza kuchambuliwa.

Lakini kwetu hakuna ndoa bila cheti cha hali. Serikali lazima ijue nani anamuoa nani, na wako katika hali gani.

Deusdedit akavuta pumzi, akabonyeza. Ukurasa wa Zefania ukaondoka baada ya miaka tisa, wa Stumai ukaja. Deusdedit akasogeza uso kwenye kioo. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Mama, pole sana," akasema.

"Pole ya nini tena, baba?"

"Umefariki."

Stumai akacheka mpaka foleni nzima ikacheka naye. Deusdedit hakucheka. Akakigeuza kioo kwa mikono miwili ili mwenyewe ajionee. Na kweli, mbele ya neno HALI palikuwa na HAI, limefifia, na nyuma yake, kwa rangi ya chai ya rangi, limetulia kama lililojengwa kwa matofali: AMEFARIKI. Na pale juu, nyuma ya jina la Stumai, alikuwepo Zefania Mkotya, mrina asali.

"Si imeandikwa HAI hapo?" akauliza Stumai.

"Imeandikwa. Na AMEFARIKI imeandikwa pia."

"Sasa unafuata lipi?"

Deusdedit akafungua kitabu cha taratibu. Panapokuwa na taarifa mbili zinazopingana, kitabu kilisema, itafuatwa iliyotangulia kazini. HAI lilikuwa na dakika mbili kazini. AMEFARIKI lilikuwa na miaka tisa, na lilizinduliwa na Waziri. Hapakuwa na mjadala.

Akagonga muhuri. Stumai akatoka na cheti cha kifo, Jumamosi ya harusi ikiwa imebaki wiki tatu.

*

Fundi Kibwana alikuja mbio, bisibisi ikiwa sikioni. Alikitazama kioo kwa muda mfupi tu.

"Ah, hiki kimeungua," akasema. "Vioo hivi vya zamani ndani vimepakwa dawa, ndo inayotoa mwanga. Ukiacha maandishi yaleyale miaka na miaka, dawa inachoka pale pale palipoandikwa. Hapo unachoona si taarifa, ni kovu. Hata ukizima litaonekana. Haliponi hilo, labda kioo kingine."

Bahati mbaya Mheshimiwa Protas alikuwa amesimama mlangoni.

"Umesema kimefanyaje?"

"Kimeungua, Mheshimiwa."

"Katika uongozi wangu hakuna kitu kilichoungua! Ile maabara ya sekondari ilipumzishwa. Lile soko lilipata joto. Wewe nani kakutuma?"

Ili kumaliza uchochezi, ikaundwa Tume ya Kuchunguza Madai ya Kuungua kwa Kisichoungua. Tume ilikaa siku nne, ikala mbuzi wanne. Ilijaribu kukisugua kioo kwa ndimu. Ikakianika juani kikiwa kinawaka, waya umepita dirishani. Ikamwita mjane wa Zefania amsihi mumewe ahame. Mama wa watu akasimama mbele ya kioo, akakitazama, akasema kwa sauti ndogo, "Mwacheni jamani. Kwetu hana hata picha." Tume ikaandika kwamba familia haikutoa ushirikiano.

Wakati huo foleni ya Dirisha Namba Tatu iliendelea, na kila aliyefika alifariki. Fundi Kibwana alikwenda kulalamika rasmi, akatakiwa kwanza kuthibitisha hali yake, akafariki. Mwalimu mkuu alifariki akifuata uhamisho. Mimi nilifariki Jumatano, saa nne na robo, nikifuata ruhusa ya kwenda msibani. Ndani ya wiki mbili walikuwa wamefariki watu elfu kumi na moja, na hospitali ilikuwa haina mgonjwa hata mmoja, maana marehemu hatibiwi. Niliandika taarifa kwa vyombo vya habari kuipongeza wilaya kwa vifo vilivyopita kwa utulivu na bila kuathiri uzalishaji.

Tulilichukulia kwa mzaha, lakini Stumai hakulichukulia kwa mzaha. Nilimkuta siku moja kwenye cherehani yake, gauni la harusi limelala mapajani, mguu haukanyagi. Akaniambia, "Afisa, mimi nimesubiri miaka hamsini na moja bila kulalamika. Leo nimempata mtu wangu, naambiwa nimeshachelewa kwa kufa. Inauma, ujue." Nikamwambia anaendelea vizuri. Ndiyo kazi yangu. Niliona haya sana nilivyotoka pale.

*

Ikabaki wiki moja. Mtu mmoja akakumbuka kwamba yule Waziri aliyezindua bado yupo, amestaafu, anafuga bata huko kwao. Aliyewasha ndiye mwenye haki ya kuzima, na kioo kikishazimwa kihalali kinaweza kubadilishwa. Watu wakashangilia kama aliyepatikana ni bata mwenyewe. Gari likapelekwa.

Waziri mstaafu akaja na kofia ya ukili, amenawiri. Stumai akapiga magoti kumshika mikono. "Mheshimiwa, bonyeza tu mara moja. Kidole kimoja, nikaolewe."

"Mwanangu, hata viwili," akasema mzee, akanyoosha kidole.

"Samahani, mzee," akasema Deusdedit. "Utaratibu unataka anayetekeleza jukumu la kiserikali athibitishe kwanza hali yake."

Deusdedit akabonyeza. Ukurasa wa Waziri ukaja, na Zefania akiwa nyuma yake.

"Nimefariki?" akauliza Waziri.

"Muda mrefu, mzee. Na marehemu hana mamlaka ya kuzima mali ya serikali."

Tulidhani atafoka. Akachukua cheti chake, akakisoma mara mbili, akakikunja vizuri akakitia ndani ya kofia. "Yaani hawawezi kuniita tena kwenye sherehe?" akauliza. "Hawawezi," akasema Deusdedit. Waziri akapanda gari akiimba. Stumai alibaki amepiga magoti palepale, mpaka Fundi Kibwana alipomwinua.

*

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Fundi Kibwana akaingia ofisini na kipande cha kamba. Akapima kioo kutoka juu hadi chini, kama fundi cherehani anayepima suruali. Kisha akamnong'oneza Deusdedit.

"Bwana mkubwa, sikiliza. Zefania kakaa mistari hii. Huku chini hajafika. Huo ukurasa hauwezi kushuka kidogo? Mistari miwili tu. Hatuzimi, hatubadilishi, tunashusha."

Deusdedit akafungua kitabu cha taratibu akakisoma chote, mpaka jina la mchapaji. Hakikusema kitu juu ya kushusha. Akauita ukurasa wa Stumai, akabonyeza mara moja, akabonyeza mara ya pili. Maandishi yakateremka taratibu, yakatoka juu ya Zefania, yakatua kwenye kioo kisafi. HALI: HAI. Linang'aa! Unaweza kulisomea gazeti.

Stumai akapiga vigelegele hadi kalamu za Deusdedit zikadondoka. Muhuri ukagongwa. Ofisi nzima ya marehemu tukamkumbatia mtu aliye hai.

Kelele zikamtoa Mheshimiwa Protas ofisini kwake, na nyuma yake akaja karani wa takwimu na karatasi. Wilaya ya Mlima Mmoja, karatasi ilisema. Marehemu: elfu kumi na nane mia tano na tisa. Hai, bila kuhesabu wakubwa: mmoja.

"Mwananchi!" akasema Mheshimiwa, na machozi yakamlengalenga. "Umetokea wapi? Nimekutafuta sana!"

Maana Jumamosi hiyohiyo saa nne asubuhi, msafara wa Rais ulikuwa unapita, na uwanja ulitakiwa ujae, na sheria haimruhusu marehemu kumshangilia Rais.

"Utajaa uwanjani saa kumi na mbili asubuhi," akasema Mheshimiwa, akitoa orodha. "Utaimba kwaya, sauti zote nne. Utacheza ngoma ya asili. Utatoa risala ya wanawake, ya vijana, ya wazee, na ya wafugaji. Ukimaliza utaziba mashimo ya barabara kuu kwa kujitolea. Mwezi ujao kuna uchaguzi, kura zote unazo wewe, usituangushe. Na kama utapata nafasi, tunahitaji upinzani kidogo, usio na kelele."

"Mheshimiwa, Jumamosi saa nne naolewa."

"Na nani? Wote si wamekufa?"

Fundi Kibwana tayari alikuwa amefika dirishani kushushiwa ukurasa wake. Deusdedit akasema lazima kwanza awasomee kifungu cha ndoa, maana ndio utaratibu, akasoma: "Wenye kuoana sharti hali zao zilingane."

"Rudia," akasema Stumai.

"Sharti hali zao zilingane."

"Basi? Haisemi wawe hai?"

Deusdedit akageuza ukurasa, akageuza na nyuma. "Haisemi, mama. Inasema kulingana tu."

Stumai akamtazama mchumba wake, marehemu wa wiki mbili, mwenye bisibisi sikioni na furaha usoni. Akamtazama Mheshimiwa Protas, aliyekuwa ameshaanza kumsomea hotuba ya kumkaribisha katika uhai, ukurasa wa kwanza kati ya arobaini.

"Hawa marehemu," akauliza, "wana majukumu gani?"

"Wapumzike kwa amani," akasema Deusdedit.

Stumai akarudisha cheti chake dirishani. "Fundi, ondoka hapo, baki ulivyo. Na wewe mwanangu Deusdedit, naomba unirudishe."

"Mama, unajua unachoomba?"

"Mistari miwili juu. Fanya upesi, amefika ukurasa wa tatu."

Deusdedit akachukua kalamu. "Lazima niandike sababu ya kifo."

"Andika hotuba."

Nimefanya kazi na Deusdedit miaka mingi. Hajawahi kuandika hata tarehe bila kumuuliza mkubwa. Siku ile alimtazama Mheshimiwa, aliyekuwa amefumba macho akisoma kwa hisia, akainamisha kichwa, akaandika: HOTUBA. Kisha akabonyeza mara mbili, na Zefania akampokea Stumai kwa mikono miwili.

*

Jumamosi msafara wa Rais ulipita kwa kasi yake ya kawaida. Uwanjani palikuwa na mtu mmoja, Mheshimiwa Protas, aliyekuwa hajawahi kupanga foleni ya Dirisha Namba Tatu kwa sababu wakubwa hawapangi foleni. Alipunga mkono, akashangilia, akaimba sauti mbili kati ya nne. Vumbi likamfunika.

Lilipotulia akasikia ngoma, na upepo ukamletea harufu ya pilau.

Wilaya nzima ilikuwa kwa Stumai. Elfu kumi na nane mia tano na tisa, na yeye wa kumi. Bibi harusi alicheza mpaka kiatu kikakatika, bwana harusi akakitengeneza palepale kwa waya wa redio. Waziri mstaafu alileta bata. Nilikula sahani tatu, na sijawahi kujisikia mwepesi namna ile nilipokuwa na majukumu.

Mheshimiwa Protas alifika getini na kofia yake ya kazi mkononi. Getini alikaa shangazi yake Stumai, marehemu wa Jumanne.

"Cheti?" akasema shangazi.

"Mimi ni Mkuu wa Wilaya!"

"Shikamoo, baba. Lakini leo shughuli ni ya marehemu peke yao. Wewe umefariki lini?"

Akapekua mifuko, hana. Akamwona Deusdedit kwa mbali, paja la bata mkononi, akamwita, kwanza kwa amri, baadaye kwa jina, mwisho akamwita ndugu yangu. Deusdedit akaja, akanawa, akamsikiliza kwa adabu zote.

"Kwa kweli ningekusaidia, mzee," akasema. "Lakini wewe uko hai kwa uteuzi wa Rais. Aliyekuteua ndiye mwenye kukufisha. Mimi mdogo siwezi kukuzima."

Ombi lake lilipelekwa makao makuu Jumatatu, na limepokelewa. Hadi leo halijajibiwa. Ndiye mwananchi wetu pekee aliye hai, na tunamheshimu sana.